Deira: Fedha Zilizofungwa na Bangili ya Mama

Ukisimama ukingoni mwa Khor Dubai baada ya swala ya alasiri, upande wa Deira, utadhani hujaondoka nyumbani. Majahazi ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, yanapakiwa majokofu, magurudumu ya magari, magunia ya mchele na makatoni ya biskuti, na mabaharia wamekaa kitako juu ya sitaha wakingoja chai ichemke. Hata neno lenyewe khor si geni kwetu. Sisi watu wa pwani twasema hori, mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Tulikuwa watatu: sisi mke na mume, pamoja na mama, yaani bibi wa bi harusi. Tulikuwa tumetoka Mombasa kwenda kumnunulia binti yetu wa kwanza vitu vya arusi, na arusi ilikuwa imebakisha wiki chache.

Siku ya kwanza tulivuka hori kwa abra, mashua ndogo zinazochukua abiria kwa nauli ya dirhamu 1, tukaingia mtaa wa kale wa Al Fahidi wenye nyumba za minara ya upepo. Katika chumba kimoja mama aliinua macho darini akatabasamu. “Hizi si boriti zetu hizi?” Hakukosea. Kwa miaka mingi majahazi ya Ghuba yalishuka kwetu na kaskazi yakileta tende na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa yamejaa miti ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba, huku na kule, na ndiyo sababu nyumba ya kale ya Dubai na nyumba ya kale ya Lamu zina vyumba vyembamba vinavyofanana kama ndugu. Biashara ile ilisimama juu ya nguzo mbili: kuaminiana na kuandikiana. Aliyeacha mali yake kwa mwenziwe alijua ameacha nini, kwa muda gani, na atairudishiwa kwa sharti lipi.

Tunaitaja habari hii mapema kwa kuwa jambo lililotufika katika safari ile lilihusu mali iliyoachwa mikononi mwa wengine, nasi hatukujua kwamba tumeiacha.

Hoteli tuliyofikia, ambayo hatutaitaja jina, ilikuwa ya nyota tatu, kwa mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Siku zote tano tulikuwa tumezilipia kupitia wakala wa safari kabla ya kuondoka Mombasa, na risiti tulikuwa nayo. Hata hivyo karani wa mapokezi alitutaka mambo mawili. La kwanza ni ada ya serikali iitwayo Dirhamu ya Utalii, ambayo tangu mwaka 2014 hutozwa kwa kila chumba kwa kila usiku. Kwa hoteli ya daraja ile ni dirhamu 10, yaani 50 kwa siku zetu tano. Hiyo tuliilipa taslimu. La pili ni kadi, “kwa ajili ya dhamana tu, mtarudishiwa.” Tukaitoa. Mashine ikalia, tukabonyeza namba ya siri, karatasi ndogo ikatoka, nasi tukaitia mkobani bila kuisoma. Tulikuwa na usingizi wa safari, na mama alikuwa anataka kuswali. Ujumbe wa benki haukutufikia, maana laini zetu za simu tulikuwa tumezizima kwa kuchelea gharama za ugenini.

Jumamosi, siku ya nne, tulikwenda soko la dhahabu. Ni vichochoro vilivyoezekwa dari ya mbao, na kila dirisha linameta kiasi cha kuumiza macho. Mazungumzo ya bei huko yana adabu yake. Bei ya dhahabu kwa gramu huwa imetangazwa na haina mjadala. Kinachobishaniwa ni ujira wa ufundi. Mama, ambaye amekwisha kununua na kuuza dhahabu tangu ujana wake, alimpembejea sonara mmoja, mzee wa Kihindi mwenye subira, mpaka wakakubaliana dirhamu 5,000 kwa seti ya mkufu, herini na pete. Katika akaunti yetu mlikuwa na shilingi 178,500. Kwa bei ya siku zile, yapata shilingi 35 kwa dirhamu, hizo zilikuwa kama dirhamu 5,100. Zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mitatu, na tulikuwa tumezihesabu mara nyingi.

Kadi ilikataa. Sonara akaifuta kwa kitambaa, akaitia tena. Ikakataa tena. Nyuma yetu walikuwapo wanunuzi wengine, na mmoja wao akachukua hatua mbele, kama asemaye kwamba zamu yetu imekwisha. Aibu ya mgeni aliyeagiza kitu asichoweza kukilipia ni nzito, na huzidi uzito unapojua kwamba fedha unazo. Tulijaribu kumweleza mzee yule. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa upole. Dhahabu, alisema, haiuzwi nusu leo na nusu kesho. Hutolewa mkononi na fedha hupokewa mkononi. Hayo hata sisi tuliyajua kutoka darasani. Alichoweza kutufanyia ni kuiweka kando ile seti mpaka kesho jioni, kwa bei ya kesho.

Tuliporudi hotelini, aliyekuwa mapokezi alikuwa kijana wa Kikenya. Alipotusikia tukisemezana Kiswahili, alisimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu tuangalizie. Kadi ya wanangu ina nini?”

Alitazama kompyuta yake, kisha akatutazama sisi. “Fedha hazijachukuliwa, mama. Zimefungwa.”

Tukaitoa ile karatasi mkobani, sasa tukaisoma. Dirhamu 1,500, yaani 300 kwa kila usiku. Kwa shilingi zetu ni 52,500. Tulizobakiwa nazo za kutumia zilikuwa dirhamu 3,600, nazo zisingeweza kununua kitu cha 5,000.

Kijana yule alitueleza kwa uvumilivu, na yale aliyotueleza ndiyo tunayotaka kila nyumba iyafahamu. Hoteli inapochukua kadi ya dhamana haikutozi. Inapeleka ombi kwa benki yako, kupitia mtandao wa kadi, ikiuliza: je, mtu huyu ana kiasi hiki, na mnaweza kutuwekea? Benki ikikubali, hutoa namba ya idhini na kuizungushia uzio sehemu ile ya fedha. Akaunti huwa na hesabu mbili. Kuna salio la vitabu, ambalo halijabadilika hata senti, na kuna salio unaloweza kulitumia, ambalo limepungua. Fedha zingali zako kwa jina, lakini huwezi kuzigusa. Mgeni akiondoka, hoteli inatakiwa ifanye moja kati ya mawili: ichukue sehemu inayodai, kama kuna kilichovunjwa au kuliwa, au ipeleke ujumbe wa kufungua. Isipofanya lolote, zuio hufa lenyewe baada ya muda, na muda huo hutegemea aina ya biashara na kanuni za benki. Kwa hoteli na magari ya kukodi unaweza kufika hata siku 30.

Kuna mtego mwingine ambao kijana alituonyesha, ingawa hatukuuangukia. Mgeni anapomaliza kukaa, akalipa deni lake kwa fedha taslimu au kwa kadi nyingine, yule karani huona hesabu imefungwa na husahau zuio la mwanzo. Hapo mgeni huwa amelipa mara moja, lakini fedha zimemtoka mara mbili: zilizolipwa, na zilizokaa ndani ya uzio zikingoja mtu wa kuzifungulia.

Tulimwomba azifungue usiku ule ule, nasi tumwachie dhamana ya taslimu kidogo. Alifanya hivyo kwa hisani, akatuchapia karatasi yenye namba ya idhini. Lakini alituambia ukweli: ujumbe umetoka hapa, ila mlango ufunguliwe kule kwenu, na benki yenu hufungua kwa wakati wake. Siku ile ilikuwa Jumamosi usiku. Ndege yetu ilikuwa ya alfajiri ya Jumatatu.

Usiku hatukulala vizuri. Tulilikumbuka darasa la Suratul Baqarah. Aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe, kwa muda uliotajwa na mbele ya mashahidi. Aya inayoifuata inazungumza na msafiri hasa: aliye safarini asipate mwandishi, basi na itolewe rehani. Rehani si jambo geni wala si la aibu katika dini yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifariki hali deraya yake iko rehani kwa Myahudi, kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo hatuna ugomvi na hoteli inayotaka dhamana. Mwenye nyumba ana haki ya kujilinda na mgeni asiyemjua. Lakini rehani ina adabu yake. Anayeweka hujua anaweka nini, thamani yake, na siku ya kukirudisha. Deraya huvuliwa mwilini kwa macho mawili. Fedha zetu zilitolewa akauntini bila sisi kuambiwa kiasi, na muda wa kurudishwa hata aliyezifunga hakuweza kuutaja.

Tena kuna jambo ambalo linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Taratibu hizi zimeshonwa kwa kipimo cha mtu mwenye kadi ya mkopo. Zuio likimwangukia huyo, linakaa juu ya fedha za benki. Hupunguza tu kiasi anachoruhusiwa kukopa, na chakula chake kiko pale pale. Nyumba nyingi za Kiislamu hazina kadi hiyo, kwa kujitenga na riba, na tangu mwaka 2008 zimekuwapo hapa nchini benki zinazofuata sharia ambazo wengi wetu tumehamishia akiba zetu. Twatumia kadi ya akaunti, fedha zetu wenyewe, zilizokwisha kupatikana. Kwa hiyo zuio hilo hilo likituangukia sisi, linakaa juu ya unga, karo na dawa. Aliyejizuia kukopa ndiye anayebanwa zaidi. Hatusemi haya kwa kujuta. Tunayasema ili anayeshika njia hiyo aijue gharama yake, ajiandae.

Jumapili asubuhi mama alitoka msalani akiwa amekwisha kuvaa buibui. “Twendeni sokoni,” alisema. Tulimwambia hakuna la kufanya kule. Tulikuwa tumekwisha kuzungumza juu ya kumpigia jamaa simu atukopeshe, tukaona si vyema kuingia denini kwa ajili ya pambo. Bi harusi ataolewa na seti ndogo zaidi, na ndoa itasihi vile vile. Mama hakujibu. Njiani alikuwa akiizungusha bangili yake mkononi, ile aliyoachiwa na mama yake, ambayo tangu binti yetu azaliwe nyumba nzima ilijua itakuwa ya nani.

Tulielewa tulipofika mlangoni kwa sonara, na hapo tulikataa kwa maneno yote tuliyokuwa nayo. Alituacha tukamaliza. “Wanangu,” akasema, “dhahabu huwekwa kwa siku kama hii.” Akaivua kwa taabu, maana mkono ulikuwa umenenepa juu yake kwa miaka, akaiweka juu ya mizani. Mzee wa Kihindi aliipima, akataja bei, akamhesabia mama noti moja moja. Kisha, kwa mauzo mengine kabisa, kama itakiwavyo, seti ikanunuliwa: sehemu kwa kadi na sehemu kwa noti zile. Kadi mara hii ilikubali bila kulalamika.

Tulirudi Mombasa. Kila asubuhi tulitazama akaunti. Siku ya nne tulikwenda benki, na hapo ile karatasi yenye namba ya idhini ilitufaa sana. Bila hiyo karani asingejua aanzie wapi. Siku ya tisa tangu turudi, arusi ikiwa imebakisha siku chache, shilingi 52,500 zilirudi zote. Hakuna aliyetuibia. Karani wa benki alituambia kwa wema, “Mmeona? Hata senti haikupotea.” Naye alisema kweli kwa kadiri ya vitabu vyake. Katika taarifa ya akaunti ya mwezi ule hamna hata mstari mmoja unaozitaja zile dirhamu 1,500, kwa kuwa zuio lisilotozwa haliandikwi kama malipo. Kwa mtazamo wa karatasi, jambo halikutokea.

Tulimpelekea mama fedha zile. Alichukua kiasi cha bangili, akampa bi harusi, akasema anunue kitu chake. Lakini fedha ni fedha, na bangili ile ilikuwa imekwisha kuyeyushwa, au iko mkononi mwa mtu asiyejua ilitoka Mombasa. Usiku wa kupamba, binti yetu alipokaa juu ya kiti na dhahabu yake ikimeta, mama alimshika mkono amwombee dua, na sote tuliiona alama nyeupe pale bangili ilipokuwa.

Kwa wasomaji wetu, hasa akina mama ambao mwaka huu wataelekea Dubai, Makka au kwingineko, tunayaacha haya tuliyojifunza kwa bei ghali.

Kwanza, kabla ya kutoa kadi mahali popote panapotaka dhamana, uliza mambo matatu: ni kiasi gani, ni kutoza au ni kuzuia tu, na itafunguliwa lini. Uliza hata kama chumba umekwisha kukilipia. Malipo ya chumba na dhamana ni vitu viwili. Ni bora zaidi kumuuliza wakala wa safari ungali hapa nyumbani, ili hesabu ya safari ianze na ukweli.

Pili, uliza kama wanapokea dhamana ya fedha taslimu, kisha udai risiti. Taslimu huondoka mkononi mwako kwa macho yako, na hurudi mkononi siku unayoondoka.

Tatu, ukilazimika kutoa kadi, toa ile ambayo haina akiba ya nyumba. Fungua akaunti ndogo au kadi ya kulipia kabla, utie kiasi cha dhamana tu, na fedha za manunuzi zikae kwingine. Usiweke mayai yote kapu moja. Wazee hawakulisema hilo kwa ajili ya mayai peke yake.

Nne, tunza kila karatasi inayotoka kwenye mashine, na siku ya kuondoka udai karatasi ya kufunguliwa iliyo na namba ya idhini. Kama umelipa kwa njia nyingine, sema wazi: na lile zuio la mwanzo je?

Tano, mwenye kukodi gari ajue kwamba zuio lake huweza kukaa wiki kadhaa baada ya kulirudisha gari, maana wenye magari hungoja faini za barabarani na ushuru wa njia vijitokeze. Kampuni nyingi za magari hazikubali kabisa kadi isiyo ya mkopo. Na jamaa zetu walio Marekani wanajua kwamba hata pampu ya petroli huweza kuzuia hadi dola 175 kwa mtu aliyetia mafuta ya dola 30.

Mwisho, kumbuka kwamba dirhamu imefungamana na dola tangu mwaka 1997, lakini shilingi yetu haikufungamana na kitu. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, na baada ya wiki chache ikashuka hadi karibu 130. Ikiwa hoteli ilikutoza kweli kisha ikakurudishia, badala ya kuzuia na kufungua, basi kiasi kitakachokurudia kwa shilingi kinaweza kuwa si kile kilichotoka. Ndiyo sababu lile swali la kutoza au kuzuia halina budi kuulizwa mwanzo.

Majahazi yangali yanapakiwa pale Deira, na inshaAllah tutakwenda tena. Tukifika mbele ya karani tutakuwa tumekwisha kukubaliana nani ataisoma karatasi kabla haijaingia mkobani. Mama amesema ataisoma yeye, na amekwisha kununua miwani. Tunamwomba Mola azijaalie safari zenu kuwa za kheri, awarudishe salama kwa wenenu, na azilinde amana zenu, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Amin.